Picha za Bahari Zitundikwe Kariakoo

Mtu asimamaye penye makutano ya Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Uhuru, katika ule msongamano wa wapagazi, mikokoteni, bajaji na wachuuzi ambao humfanya mgeni aushike mfuko wake kwa mikono miwili, aghalabu hana habari kwamba bahari iko karibu naye mno. Kwamba akiupa mgongo msongamano huo na kushika njia ya Mnazi Mmoja atafika Kivukoni kwa miguu kabla jasho halijamkauka, na kwamba nje ya lango la bandari, upande wa kaskazini, viko visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, ambavyo serikali ilivitangaza kuwa hifadhi tangu mwaka 1975, na ambavyo vimezungukwa na miamba ya matumbawe yenye umri mkubwa kuliko mji wenyewe. Umati unaonunua na kuuza Kariakoo kila siku hula samaki wa bahari hiyo, huvaa kandambili ambazo mwisho wake ni bahari hiyo, hunywa maji katika chupa ambazo mvua ikinyesha huelea hadi bahari hiyo; walakini wengi wao hawajapata kuliona tumbawe moja likiwa hai, wala hawatarajii kuliona maisha yao yote.

Kwa ajili ya watu hawa, na hususan kwa ajili ya watoto wao wanaosoma katika shule za Ilala, Gerezani, Jangwani na Upanga, naandika kudai jambo moja lililo jepesi kutamka na zito kutenda: picha ambazo wanafunzi wetu huchora juu ya bahari zisiishie katika kumbi za hoteli, kuta za ofisi na makabati ya walimu, bali zitundikwe Kariakoo, mbele ya macho ya watu ambao mwenendo wao wa kila siku una sehemu kubwa katika kuamua kama matumbawe yataishi au yatakufa.

Nimepata kuishika mkononi picha moja ya namna hiyo. Ilichorwa na msichana wa darasa la sita, katika shule ya msingi isiyo mbali na Mtaa wa Lumumba, juu ya upande wa ndani wa boksi lililokunjuliwa, boksi la aina ile inayoletea madukani vyombo vya plastiki, kwa penseli za rangi ambazo ile ya buluu ilikuwa imebaki kipande kisichozidi kucha. Kwa kuwa buluu haikutosha, bahari yake aliijaza nusu tu, na nusu ya pili akaiacha na rangi ya boksi lenyewe, ambayo ndiyo hasa rangi ya maji ya Mto Msimbazi wakati wa masika. Na mpakani pa rangi hizo mbili akamchora pono, mdomo wake mgumu wa kukwangulia mwamba ukiwa umeng'ata, mahali pa tumbawe, ukanda wa kandambili. Mwalimu wake aliniambia kwamba mtoto huyo hajapata hata mara moja kuzamisha kichwa chake baharini. Pono alimwona katika soko la samaki la Feri, amelazwa juu ya meza, amekwisha kufa, naye akarudi nyumbani akiwa amemhifadhi akilini gamba kwa gamba.

Picha hiyo ilinifundisha mambo mawili ambayo nimeendelea kuyatafakari. La kwanza ni kwamba mtoto wa mjini anao uwezo wa kuona, na kilichopungua ni fursa tu. Maana nimetazama pia picha nyingine nyingi za wanafunzi, katika maonyesho ya siku za mazingira, ambazo samaki wake ni wa vikatuni vya runinga, nyangumi wanaotabasamu na papa wenye meno ya kuchekesha, na ambazo hazina changu, wala tasi, wala chewa, wala kitatange, yaani hazina hata mmoja wa wale ambao mama zao huwakaanga jioni. Picha kama hizo hupendeza, walakini hazimshiki mtu, kwa sababu hazimwambii kwamba kinachoharibika ni chake. La pili ni kwamba msichana yule alikuwa amesema, kwa kipande kimoja cha boksi, neno ambalo wataalamu hulisema kwa kurasa nyingi.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 katika jarida la Science, ambao watafiti wake walichunguza matumbawe zaidi ya laki moja katika miamba ya Asia na Pasifiki, ulionyesha kwamba uwezekano wa tumbawe kuugua hupanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 89 pale linapoguswa na plastiki. Kwani plastiki hulikinga na mwanga, hulikwaruza, na humletea maradhi mnyama aishiye ndani yake. Nasema mnyama, kwa kuwa tumbawe, ambalo wengi hulidhania jiwe, ni kazi ya wanyama wadogo mno waishio kwa umoja, na ndani ya miili yao hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayowapa chakula na rangi. Maji yakipata joto la kupita kiasi kwa majuma kadhaa, mimea ile hutolewa nje, mwamba hugeuka mweupe, na joto lisipopungua mapema wanyama wale hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, ambapo sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia na ya pande nyingine za Bahari ya Hindi iliangamia. Ikarudia mwaka 2016. Na Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba dunia imo tena katika msiba huo, wa nne tangu ulipoanza kusajiliwa. Joto la bahari halikuletwa na Kariakoo, wala Kariakoo peke yake haiwezi kuliondoa. Lakini mwamba uliopauka huweza kupona ukiachwa katika maji safi na kupewa miaka, ilhali mwamba ambao juu ya joto umefunikwa na taka, na juu ya taka umepigwa baruti, hauna wa kuuponya.

Na baruti tumeipiga sana. Mwaka 2015, watafiti wa Wildlife Conservation Society walipoipitia pwani ya Tanzania kwa chombo kilichovuta vinasa sauti ndani ya maji, walisajili milipuko 318 kwa muda wa siku 30, na zaidi ya nusu yake ilisikika katika maji ya jirani na Dar es Salaam. Wachuuzi wazoefu wa Feri walikuwa wakimjua samaki wa baruti kwa kumbonyeza tu: nyama yake hulegea, uti wa mgongo huwa umevunjika, damu huwa imevilia kando ya mifupa, na hata akitiwa barafu huharibika upesi. Pamoja na hayo alinunuliwa, akakatwa, akatiwa chumvi na ndimu, akakaangwa mafuta yakimchemkia pande zote, akauzwa vichochoroni kwa bei nafuu, na aliyemla hakuusikia mlipuko. Doria za pamoja za vyombo vya dola, zilizokazwa tangu mwaka 2016, zimelipunguza balaa hilo kwa kiasi kikubwa, na waliozifanya wanastahili shukrani za taifa. Hata hivyo, tumbawe la duara hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka; mtoto aliyezaliwa siku mwamba wake ulipovunjwa atakuwa mzee kabla haujarudi ulivyokuwa.

Sanaa ya pwani hii, tukisema kwa haki, ni mdeni wa matumbawe tangu zamani. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, ambao ni sawa na mwaka 1107, ilichongwa katika jiwe la matumbawe. Na mafundi wa Kilwa waliojenga misikiti na majumba ambayo magofu yake huwastaajabisha wasafiri hata leo, walilipasua tumbawe likiwa bado bichi, kwa kuwa lingali laini wakati huo na hukubali patasi, kisha huwa gumu likikauka. Hapa mjini petu, Boma la Kale lililoko Barabara ya Sokoine, ambalo Sultani Majid bin Said alilijenga miaka ya 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake, ni kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo asili yake ni baharini. Mwanafunzi wa Gerezani anaweza kwenda kulishika jengo hilo kwa kiganja chake leo hii, mwendo mfupi tu kutoka soko la samaki, na ningependa kila mwalimu wa sanaa ampeleke huko kabla hajampa penseli, apate kujua kwamba mwamba anaoambiwa auchore ndio ulioubeba mji huu mabegani tangu siku zake za kwanza.

Wala mji huu haukukosa wachoraji waliojifunza kwa kuwaangalia wakubwa wao. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru kuja kutafuta riziki, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama juu ya mbao nyembamba za miraba kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na ingawa alifariki mwaka 1972, baada ya muda mfupi kabisa wa kazi, wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa zake, waliushika ufundi huo na kuwarithisha wengine, hata leo jina lake limekuwa jina la mtindo unaojulikana ulimwenguni. Wachoraji wa mtindo huo huchora samaki kwa wingi, wa buluu na wa manjano, wamejaa ubao mzima hata pasibaki mahali pa maji; na karibu picha zote hizo hununuliwa na wageni, hutiwa katika mizigo, huruka kwa ndege. Siwalaumu wachoraji, kwani msanii naye hula. Lakini naona huzuni kubwa katika jambo hili, kwamba picha ya changu wa Bongoyo huweza kuonekana katika sebule ya Stockholm au Tokyo, na isionekane katika kibanda hata kimoja cha mama lishe wa Mtaa wa Swahili.

Hali kadhalika kwa mashindano ya kimataifa. Yapo, nayo ni mema. Taasisi ya Khaled bin Sultan Living Oceans Foundation, kwa mfano, huwaalika kila mwaka wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 19 kutoka nchi zote wachore juu ya uhifadhi wa bahari, na mtoto wetu anayeshiriki hupata heshima na maarifa. Lakini majaji wake wako mbali, na picha ikishapelekwa kwa njia ya mtandao, jirani wa mchoraji, anayemwaga taka mtaroni saa tano za usiku duka linapofungwa, hajui kwamba ilichorwa.

Watu wa pwani wanapoletewa sanaa mlangoni huipokea, na ushahidi wa hayo tunao. Mwaka 2018, huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi la urefu wa mita tisa lililoundwa kwa taka za plastiki za uzito wa tani 10, na ubavu wake wakaufunika kwa kandambili kuukuu zipatazo 30,000 zilizookotwa ufuoni, za kila rangi, wakaliita Flipflopi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Unguja, likitia nanga katika miji na vijiji vya njiani, na watoto wa shule wakalipanda, wakaligusa, wakaitambua kandambili ya aina ile ile waliyoivaa miguuni. Lilijengwa na fundi anayejua kazi ya mababu zake, likaletwa hadi gatini kwa wenyewe, na hapakuwa na haja ya mtu kuwasomea hotuba ndefu.

Wapo watakaosema, na kauli yao haifai kupuuzwa, kwamba picha ya mtoto haizuii baruti wala haitoi chupa mtaroni. Kwamba kinachotakiwa ni boti za doria, faini, magari ya taka na mitaro iliyofunikwa. Nakubali kwamba vyote hivyo vinatakiwa, na mahali ambapo fedha ni chache sitaki hata shilingi moja iondolewe katika doria ikanunue rangi. Lakini doria hulinda bahari, na hakuna askari awezaye kulinda kila mtaro wa Kariakoo kila usiku. Katazo la mifuko ya plastiki, lililoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, liliiondoa rambo sokoni kwa sababu muuzaji na mnunuzi walikuwa wakitazamana uso kwa uso, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake analijua. Chupa ya maji na kandambili iliyokatika hazina katazo la namna hiyo. Hutupwa na mtu aliye peke yake, hubebwa na maji ya mvua kuelekea Jangwani, huingia Msimbazi, hutokea baharini karibu na Daraja la Salenda, na nyingine hushuka upande wa pili kuelekea Gerezani na bandarini. Katika saa hiyo ambayo mtu hatazamwi na mtu, naamini kwamba pono wa msichana yule, lau angekuwa amechorwa kwa ukubwa wa mlango juu ya ukuta unaouelekea mtaro, angemtazama.

Mahali pa kuzitundika pako pengi, na pa kwanza ni soko lenyewe. Jengo ambalo mbunifu wa majengo Beda Amuli alilisanifu, na Mwalimu Nyerere akalifungua Desemba 1975, lenye paa la miavuli mikubwa ya zege inayokusanya maji ya mvua, liliunguzwa na moto Julai 2021, likakarabatiwa na kujengewa jingine ubavuni. Na katika kuta hizo mpya, kabla hazijajaa matangazo ya simu na vinywaji, Shirika la Masoko ya Kariakoo lingeweza kuwatengea wanafunzi ukuta mmoja, mmoja tu, ulio karibu na wauza samaki. Ipo pia milango ya chuma ya maduka, ambayo hushushwa kila jioni na kuonyesha rangi ya kijivu kwa mtaa mzima hadi alfajiri. Yapo maturubai ya machinga. Zipo daladala, ambazo wenyewe huzipamba kwa picha za wanamuziki na wachezaji mpira, na sioni kwa nini ya Mbagala isipambwe kwa mwamba wa kisiwa cha Sinda.

Lakini juu ya vyote hivyo naiweka kanga. Mtaa wa Uhuru ndio unaoivisha kanga nusu ya nchi hii, na hakuna ukuta wa maonyesho uwezao kushindana na nguo hiyo, ambayo mwanamke huivaa jikoni, humbebea mtoto, huivaa sare arusini, hujitanda msibani, na ikichakaa huipasua akapangusia meza. Na tuwazie mji wa kanga ukiwa mwamba wa Mbudya, pindo lake changu na kitatange wakifuatana, na jina lake maneno machache yaliyotungwa na wanafunzi wenyewe katika kipindi cha Kiswahili, maana watoto wa pwani hawajakosa ufundi wa mafumbo. Wafanyabiashara wa Kariakoo ni watu wa hesabu; hawataiagiza kanga hiyo kwa huruma, wataiagiza ikiwa nzuri. Kwa hiyo na ichorwe vizuri, chini ya walimu walioijua kazi, kama vile wahitimu wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo au wasanii wa Nafasi Art Space pale Mikocheni, na mtoto ambaye picha yake imechaguliwa alipwe haki yake, na jina la shule yake lichapwe pembeni, pale pale ambapo wenye mali huchapa majina yao. Kumfundisha mtoto kuilinda bahari kwa kumnyang'anya jasho lake kungekuwa dhuluma, na watoto huijua dhuluma upesi.

Ili wachore vizuri, sharti waone. Katika kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, wanafunzi wa skuli za Unguja hupelekwa kwa boti, huvalishwa miwani ya maji na maboya, hushikwa mkono na walinzi wa hifadhi ambao baadhi yao walikuwa wavuvi, na huinamishwa nyuso zao katika maji. Dar es Salaam ina hifadhi iliyo karibu zaidi na shule zake kuliko hiyo. Boti itokayo Msasani hufika Bongoyo kwa muda usiozidi kipindi kimoja cha darasani. Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu kikiziondolea ada shule za serikali, na Jiji likatoa basi, na wenye boti wakajitolea siku moja ya juma ambayo watalii ni wachache, somo la Sanaa na Michezo lililomo katika mtaala wa shule za msingi lingepata darasa ambalo hakuna fedha iwezayo kulijenga. Msichana wa Mtaa wa Lumumba angemwona pono akiwa hai, angeusikia mdomo wake ukikwangua mwamba, maana sauti hiyo husikika waziwazi chini ya maji, na safari hii angepewa buluu ya kutosha.

Jambo moja limebaki, nalo ni majira. Maonyesho ya picha za bahari huwekwa mwezi Juni, kuifuata Siku ya Mazingira Duniani ya tarehe 5 na Siku ya Bahari Duniani ya tarehe 8, wakati ambapo masika imekwisha pita na kila kilichokuwa mitaroni kimekwisha fika baharini, na shule nazo ziko katika kufunga. Kalenda ya Kariakoo haifuati siku hizo, hufuata mvua. Picha zichorwe Januari shule zinapofunguliwa, zichaguliwe Februari, na mafundi wapande ngazi kuzitundika katika juma la mwisho la mwezi huo, juu ya mitaro ambayo ingali mikavu.